Baiskeli, Gari na Sekunde ya Kwanza

Jumamosi moja jioni, miaka miwili iliyopita, mwanangu mwenye umri wa miaka 11 alitoka na baiskeli yake katika kichochoro kilicho jirani na nyumba yetu mjini Morogoro, akaingia katika barabara ya lami, akagongwa na gari dogo. Gari lilimpata kwenye gurudumu la nyuma. Baiskeli ikazunguka, naye akaangukia mkono wa kushoto, kisha kichwa. Nilipofika, watu walikwisha kumzunguka, na dereva, kijana wa rika la wanafunzi wangu, alikuwa ameketi kando ya barabara akitetemeka. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Nisamehe, mzee wangu. Nilikuwa katika hamsini tu."

Hamsini ndiyo kasi ya juu ambayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inairuhusu katika maeneo ya makazi. Kijana yule, basi, hakuvunja sheria. Mwanangu naye alifanya kosa ambalo kila mtoto hulifanya. Swali lililonisumbua tangu siku ile si nani wa kulaumiwa, bali ni kwa nini kosa dogo namna ile lilikaribia kuwa na malipo makubwa kiasi kile.

Kwanza niseme juu ya usiku ule, maana wazazi na walimu wengi hawaujui ukweli huu. Mtoto alisimama mwenyewe, akasema hajambo isipokuwa mkono. Tukafurahi. Saa mbili baadaye akatapika, akaanza kusinzia wakati ambao si wa kusinzia. Ubongo umo ndani ya fuvu kama kitu kilichofungiwa katika sanduku lisilotanuka. Mshipa mdogo ukipasuka kwa pigo, damu huvilia polepole kati ya fuvu na ubongo. Mwanzoni nafasi iliyopo hutosha, na mgonjwa huzungumza na hata kucheka. Nafasi hiyo ikiisha, kila tone linalozidi hukandamiza ubongo wenyewe. Ndiyo maana mtu aliyepigwa kichwani aweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa, kisha hali ikageuka ghafla. Kutapika kunakojirudia, usingizi usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka, degedege, maumivu ya kichwa yanayozidi, au mboni za macho zisizolingana ukubwa: lolote kati ya hayo likitokea, mtoto apelekwe hospitali mara moja, wala asiachwe "apumzike kidogo". Mwanangu alilazwa usiku kucha akiangaliwa. Damu haikuvilia. Mkono ulikuwa umevunjika kwa namna ya mifupa ya watoto, upande mmoja ukipasuka na mwingine ukipinda kama kijiti kibichi, akafungwa plasta kwa majuma sita.

Jumapili yake sikuweza kukaa nyumbani. Nilikwenda mahali pale, nikapima kwa hatua. Kona ya kichochoro ilizibwa na ua wa michongoma, hata dereva hakuweza kumwona mtoto mpaka alipokuwa umbali wa mita 20 hivi. Nimefundisha fizikia chuoni kwa miaka 15, na hesabu ya umbali wa kusimama nimeiandika ubaoni mara nyingi mno. Siku ile niliifanya nikiwa nimesimama juu ya lami, kwa kalamu iliyokuwa ikinitoka mkononi.

Umbali wa kusimama una sehemu mbili. Ya kwanza ni ule ambao gari husafiri kabla mguu haujakanyaga breki. Jicho huona, ubongo huamua, mguu huhama. Kwa dereva anayeshtukizwa, tuchukue sekunde moja, nayo si nyingi. Ya pili ni ule wa breki zenyewe, ambao huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, umbali huo huzidi mara nne, kwa kuwa nishati ya mwendo inayopaswa kumalizwa na msuguano imezidi mara nne. Katika lami kavu, gari zuri hupunguza kasi yake kwa kiasi cha mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde.

Gari liendalo kilometa 30 kwa saa husafiri mita 8.3 katika sekunde ile ya kwanza, kisha mita 5 za breki. Jumla ni mita 13.3. Mtoto akitokea mita 20 mbele, dereva husimama, hukemea, na mita sita na zaidi zimebaki. Gari liendalo kilometa 50 husafiri mita 13.9 kabla ya breki kushika. Msomaji aitazame vema tarakimu hiyo. Pale ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama kabisa, hili la pili bado halijaanza hata kupunguza mwendo! Likifika mita ya 20, bado lina kasi ya kilometa 37 kwa saa. Hiyo ndiyo iliyompata mwanangu, nayo kwa bahati ikapata gurudumu. Kama kijana yule angezidisha kidogo tu, akawa katika 60, angefika kwa mtoto akiwa na kilometa 55 kwa saa, na nishati zaidi ya mara mbili ya ile. Wengi wetu huiona tofauti ya 50 na 60 kuwa ni ya kupuuzwa. Mimi mwenyewe niliiona hivyo.

Watu huuliza: je, mtoto hakuliona gari? Huenda aliliona. Kuona gari na kujua kasi yake ni mambo mawili. Gari linapotukabili, tunaipima kasi yake kwa jinsi umbo lake linavyotanuka machoni. Likiwa mbali, kutanuka huko ni kudogo sana, na jicho na ubongo wa mtoto havijakomaa kukutambua. Watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa shule ya msingi hawawezi kutegemewa kutambua kuwa gari linawajia likiwa na kasi ya zaidi ya kilometa 32 kwa saa hivi. Tunamwambia mtoto "tazama kulia na kushoto", naye hutazama, lakini tumempa mtihani asio na kifaa cha kuufanyia. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kuwa mwaka 2021 watu takriban 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo zinaongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Kuhusu kichwa, hesabu ni nyepesi hata kwa Kidato cha Pili. Kichwa kikianguka kutoka mita 1.5, kimo cha mtoto aliye juu ya baiskeli, hufika chini kwa kasi ya kilometa 19.5 kwa saa, bila msaada wa gari lolote. Gawanya urefu wa kuanguka kwa umbali ambao kichwa hutumia kusimama, utapata ni mara ngapi pigo, kwa wastani, linazidi uzito wa kichwa chenyewe. Juu ya lami, ngozi na nywele hubonyea milimita mbili na nusu hivi: 1500 kwa 2.5 ni mara 600. Ndani ya kofia ngumu, povu la plastiki hubonyea milimita 20 hivi: mara 75. Kofia haiondoi pigo, hulipa nafasi tu. Povu likishabonyea halirudi, kwa hiyo kofia iliyokwisha kupigwa haifai tena, hata kama nje inang'aa. Wala asidhani mtu kwamba kofia ni jibu kwa gari la kilometa 50.

Elimu hii ina historia ya ajabu kidogo. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, askari na mwandishi Mwingereza, aliendesha pikipiki bila kofia, akawakwepa wavulana wawili wenye baiskeli, akaanguka, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, hakuacha kulifikiria jambo hilo, na mwaka 1941 alichapisha uchunguzi wake juu ya waendesha pikipiki na kofia za kinga.

Baiskeli ya mwanangu niliitundika darini. Plasta ilipotolewa aliniuliza, "Baba, nitapewa lini baiskeli yangu?" Nilimjibu kuwa mkono bado. Mkono ulikuwa umepona. Aliyekuwa hajapona ni mimi. Mama yake ndiye aliyeniambia kwamba mtoto halali tena akishtuka, ila baba yake. Tuliishusha mwezi uliofuata. Tulibadili raba za breki, zilizokuwa zimelika hadi chuma, tukanunua kofia, na jirani yetu akakubali kuukata ua wa michongoma kwa mita tano kutoka kona. Kazi hiyo ilichukua asubuhi moja, na ingaliweza kufanyika miaka kumi kabla.

Kwa walimu wapendao kulipima jambo hili: piga alama mbili za chaki kando ya barabara ya shule, mita 50 kati yake. Wanafunzi wasimame mbali na ukingo, pamoja na mwalimu, wakiwa na saa ya kupimia sekunde. Gawanya 180 kwa sekunde ambazo gari limetumia, utapata kilometa kwa saa. Sekunde 6 ni kilometa 30, sekunde 3.6 ni 50. Mwanangu alifanya hivyo likizo iliyopita, akaandika magari 64 katika daftari. Gari langu limo katika ukurasa wa pili, likirudi kutoka kazini: sekunde 3.4.