Azuchi: Ngome ya Miaka Mitatu na Mawe Yaliyosalia

1. Utangulizi

Wanahistoria wa Japani huyaita miaka ya mwisho ya karne ya 16 kipindi cha Azuchi-Momoyama. Azuchi ni jina la ngome ambayo mnara wake mkuu ulisimama kwa muda wa miaka mitatu tu, tangu 1579 hadi 1582. Leo hausaliki ubao hata mmoja wa mnara huo. Kilichobaki ni mlima, kuta za mawe, ngazi, na maandishi ya watu wachache walioiona ngome ikiwa hai. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya ngome hiyo, yale ambayo mgeni huyakuta akipanda mlimani, na namna mawe na maandishi yanavyosaidiana, au kupingana, katika kuthibitisha yaliyopita.

Kwanza yafaa neno lenyewe liangaliwe. Neno la Kijapani shiro hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa "ngome". Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haikamilishi maana. Ngome hujengwa ili kuzuia adui. Kasri hujengwa ili mtawala akae na kuonekana. Azuchi ilikuwa vyote viwili, na huenda ilielemea zaidi upande wa kasri. Hapo ndipo ilipotofautiana na ngome nyingi zilizoitangulia, ambazo zilikuwa maficho ya vita vilimani.

2. Mjenzi na kusudi lake

Oda Nobunaga aliingia katika mji mkuu wa Kyoto mwaka 1568, na mwaka 1573 akamfukuza humo shoguni wa mwisho wa ukoo wa Ashikaga. Mwaka 1576 aliamuru ngome mpya ijengwe juu ya mlima Azuchi, ukingoni mwa ziwa Biwa, akamkabidhi Niwa Nagahide usimamizi wa kazi. Kilele cha mlima huo kina mita 199 kutoka usawa wa bahari. Mahali hapo palichaguliwa kwa busara: palitawala njia za nchi kavu ziendazo mashariki na kaskazini, na kwa mashua Nobunaga aliweza kuufikia upande wa Kyoto upesi, bila yeye mwenyewe kukaa katikati ya fitina za mji mkuu.

Chini ya mlima ulianzishwa mji. Mwaka 1577 Nobunaga alitoa amri yenye vifungu 13 iliyowaruhusu wafanyabiashara kuuza kwa uhuru, pasipo kufungwa na vyama vya zamani vya biashara, na iliyowalazimu wasafiri wa njia kuu kupita na kulala mjini humo. Kwa hiyo ngome, soko na barabara vilikuwa sehemu za mpango mmoja wa utawala.

3. Maandishi ya mashahidi

Mashahidi wakuu ni wawili. Wa kwanza ni Ota Gyuichi, mtumishi wa Nobunaga, aliyeandika tarikhi ya maisha ya bwana wake. Wa pili ni Luis Frois, padri Mjesuiti kutoka Ureno. Wote wawili wanasema kwamba mnara ulikuwa na orofa saba. Kwa mujibu wa Ota, orofa ya chini kabisa ilikuwa ghala ndani ya msingi wa mawe, orofa ya pili kutoka juu ilikuwa na pembe nane, na ya juu kabisa ilipambwa kwa dhahabu ndani na nje. Michoro ya kutani ilikuwa kazi ya Kano Eitoku, mchoraji mashuhuri wa zama hizo.

Maandishi hayo hayafichi gharama iliyolipwa na wanyonge. Ota anasimulia jiwe kubwa lililoitwa "jiwe la nyoka", lililovutwa mlimani na watu zaidi ya 10,000, usiku na mchana. Frois anaongeza kwamba jiwe moja liliteleza likawaponda watu zaidi ya 150. Jiwe la nyoka halijatambuliwa mlimani hadi leo.

Katika maandishi ya watu hao wawili yumo pia Mwafrika. Mwaka 1581 padri Alessandro Valignano alifika Kyoto akiwa na mtumishi mweusi, ambaye Nobunaga alimpenda na kumchukua katika utumishi wake. Wajapani walimwita Yasuke. Mwandishi Mfaransa François Solier, katika kitabu kilichotoka mwaka 1627, anasema mtu huyo alitoka Msumbiji. Hakuna shahidi wa wakati wenyewe anayetaja nchi yake. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa popote.

4. Moto

Tarehe 21 Juni 1582 jemadari Akechi Mitsuhide alimwasi bwana wake na kumzingira katika hekalu la Honno-ji, Kyoto. Nobunaga alijiua humo. Yasuke alikuwapo, Frois anaeleza kwamba alikwenda kupigana upande wa mwana wa Nobunaga, hatimaye akasalimisha upanga wake, na Akechi akaamuru arudishwe kwa mapadri. Akechi aliitwaa Azuchi, lakini naye akashindwa vitani na kuuawa kabla ya wiki mbili kutimia. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Julai, mnara uliteketea.

Nani aliyeuchoma? Frois anamlaumu Nobukatsu, mwana wa Nobunaga. Wengine waliwashutumu watu wa Akechi waliokuwa wakikimbia, na wengine walidhani moto ulipanda kutoka mjini. Katika suala hili mawe yametoa ushahidi wao: wachimbaji walikuta alama za moto katika eneo la kileleni, penye mnara na majengo ya jirani, wala si katika mlima wote. Ushahidi huo unadhoofisha dhana ya moto uliotoka mjini, ingawa haumtaji mkosaji. Mwaka 1585 ngome mpya ilijengwa katika mlima jirani wa Hachiman, watu wa mji wakahamishiwa huko, na Azuchi ikaachwa kwa miti.

5. Magofu ya leo

Magofu hayo yamo katika mji wa Omihachiman, mkoa wa Shiga, na hutembelewa na wageni kwa kiingilio. Anayeingia hukabiliwa na njia kuu ya ngazi za mawe, yenye upana wa mita 6 hivi, inayopanda moja kwa moja kwa takriban mita 180. Njia pana na nyoofu namna hiyo si desturi ya ngome ya vita, kwa maana humrahisishia adui safari. Yaelekea ilikusudiwa kwa mapokezi ya wakuu. Katika ngazi hizo mna sanamu za Buddha zilizochongwa mawe na kutumiwa kama vipande vya kawaida vya ujenzi. Mgeni huombwa asizikanyage, na wapo wanaozitolea sadaka ya sarafu.

Kileleni umo msingi wa mnara wenyewe. Ndani yake mawe zaidi ya 110 yaliyobeba nguzo yamepangwa kwa safu, umbali wa mita 1.2 kutoka moja hadi jingine; pale katikati jiwe halipo. Kwenye mteremko wa magharibi vimesalia mnara wa hekalu wenye orofa tatu, uliojengwa mwaka 1454, na lango la mwaka 1571. Vyote viwili ni vya hekalu la Soken-ji, lililoanzishwa na Nobunaga ndani ya ngome. Jumba lake kuu liliungua mwaka 1854. Ziwa lililokuwa likilamba miguu ya mlima halionekani tena karibu, kwani sehemu hiyo ilikaushwa katika karne ya 20 ikawa mashamba ya mpunga.

6. Kujenga upya au kuacha?

Nafasi tupu katikati ya msingi ndiyo iliyozua mjadala mkubwa. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Naito Akira, akitegemea ramani ya kale aliyoihusisha na Azuchi, alidai kwamba ndani ya mnara mlikuwa na uwazi uliopanda orofa kadhaa. Miyakami Shigetaka alimpinga, akisema kwamba ramani hiyo haiaminiki na kwamba maneno ya Ota hayataji uwazi wowote. Mfano wa orofa mbili za juu, wenye ukubwa kamili, uliotengenezwa kwa kufuata rai ya Naito ulionyeshwa Seville, Hispania, mwaka 1992, na sasa umo katika jumba la makumbusho karibu na mlima.

Ushahidi ambao ungeweza kumaliza sehemu ya ubishi umepotea. Nobunaga alimpa Valignano kiambaza cha kukunjwa chenye picha ya Azuchi. Vijana wanne wa Kijapani walikipeleka Roma na kumkabidhi Papa Gregorio XIII mwaka 1585. Kiliwekwa Vatikani, na baadaye hakikuonekana tena.

Mji wa Osaka ulijijengea mnara wa ngome yake kwa saruji mwaka 1931, na watalii hawakosekani. Wapo wanaotamani Azuchi nayo isimamishwe upya. Lakini anayejenga hulazimika kuchagua rai moja, na jengo likishasimama watazamaji hulisadiki kuliko kitabu. Isitoshe, misingi mipya ingeweza kuharibu ile ya kale, ambayo ndiyo shahidi pekee asiyeweza kunakiliwa. Baada ya uchimbuzi wa miaka 20 ulioanza mwaka 1989, mkoa wa Shiga ulianza awamu nyingine mwaka 2023. Maadamu udongo bado unatoa habari, kuyaacha magofu yabaki magofu ni njia mojawapo ya kuiheshimu historia, wala si uzembe.