Santuri iliyokosa rafu

Desemba 1969 kampuni ya Capitol, iliyokuwa ikiuza nyimbo za The Beatles na The Beach Boys nchini Marekani, ilitoa santuri ya kijana wa miaka 22, Larry Norman, iitwayo Upon This Rock. Mwaka uliotangulia Norman alikuwa mwimbaji wa kundi la People!, lililoingia 20 bora kwa wimbo I Love You. Wengi wanaoandika historia ya muziki wa Kikristo huihesabu santuri hii kuwa albamu kamili ya kwanza ya roki ya Kikristo. Wanunuzi walikuwa haba, na Capitol haikukawia kuachana naye. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba makanisa ndiyo yaliyoiua. Ni kweli uadui ulikuwepo: mwaka 1967 mhubiri Bob Larson alitoa kitabu kizima cha kuwaonya vijana kwamba roki ni mtego wa shetani, na mimbari nyingi zilirudia onyo hilo. Hata hivyo, maelezo haya yanawapa wahubiri nguvu ambayo hawakuwa nayo. Kijana wa mwaka 1969 aliyetaka santuri ya roki hakuomba ruhusa kwa mchungaji.

Kilichoikwamisha albamu hii ni biashara. Katika maduka ya kawaida ya muziki haikujulikana iwekwe wapi, kwa kuwa mteja wa roki hakuja kutafuta habari za unyakuo wala wimbo kama Forget Your Hexagram, unaowaasa vijana waachane na ramli. Maduka ya vitabu vya dini nayo yalikuwa na Biblia, nyimbo za tenzi na kwaya za sauti nne. Gitaa la umeme halikuwa na nafasi humo. Ushahidi mzito zaidi ni yale yaliyofuata. Rekodi ileile ilichukuliwa na Impact, lebo ya kampuni ya Benson ya Nashville iliyozoea kuyapelekea mzigo maduka ya dini, na huko ikapata wasikilizaji. Kama chuki ya waumini ndiyo iliyoiangusha, ingekufa haraka zaidi mikononi mwa waumini wenyewe. Badala yake, I Wish We'd All Been Ready, wimbo wa albamu hiyo unaohusu unyakuo, ukawa wimbo wa mikutano ya vijana, na mwaka 1972 ukatumika katika filamu ya A Thief in the Night.

Atakayesema kwamba muziki wenyewe ulikuwa dhaifu hatakosea sana. Albamu inapanda na kushuka, na mzaha wa Moses in the Wilderness unachosha kabla wimbo haujaisha. Lakini udhaifu huo ulibaki uleule chini ya Impact. Pingamizi lenye uzito ni la wale wanaokataa kwamba Norman alikuwa wa kwanza. The Joystrings wa Jeshi la Wokovu walishaingia chati za Uingereza mwaka 1964, na The Crusaders walitoa albamu ya injili kwa ngoma na magitaa mwaka 1966. Nyuma yao wote yuko Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyelelewa kanisani, ambaye gitaa lake liliwafundisha wanaroki kazi kabla roki haijapewa jina. Nakubali, na kwa kweli mfano wa Tharpe unaitetea hoja yangu. Waumini walimlaumu kwa kuimba katika kumbi za starehe, lakini mwaka 1945 Strange Things Happening Every Day ulifika nafasi ya pili kwenye chati ya muziki wa watu weusi. Lawama za kanisa hazikuzuia mauzo, kwa sababu kampuni yake ya santuri, Decca, ilimjua mnunuzi wake na mahali pa kumpata.

Soko ambalo Norman alilikosa lilijengwa muda mfupi baadaye: lebo ya muziki wa Kikristo ya Maranatha! ilianza 1971, ile ya Myrrh 1972, na Juni mwaka huo makumi ya maelfu ya vijana walikusanyika Dallas kwa mkutano wa Kikristo wa Explo '72, Norman akiwa miongoni mwa waimbaji. Soko hilo lilikuwa na gharama yake. Muziki ulioandikwa kwa ajili ya kijana mpiga ramli ukaanza kuuzwa kwa watu waliokwisha kuokoka, katika maduka ambayo mpiga ramli hakuyakanyaga. Kwa hiyo anayetaka kujua roki ya Kikristo ilikusudia nini kabla haijapata wateja wa kudumu aisikilize Upon This Rock, pamoja na kasoro zake zote.