Tuzo Ndogo kwa Anayeacha Pombe: Mafunzo ya Ifakara na Mbarara

Siku ya soko huko Nyandira, kwenye miteremko ya Uluguru, mkulima aliyeuza njegere na kabichi zake huwa na fedha mkononi kabla ya saa sita mchana. Ikiwa ana uraibu wa pombe, kilabu humlipa papo hapo: kikombe kimoja, na mikono inayotetemeka hutulia. Zahanati humwahidi ini zima na amani ya nyumba, lakini baada ya miezi mingi. Si ajabu kilabu kikishinda.

Tiba kwa motisha hukusudia kusawazisha mashindano hayo. Mgonjwa huhudhuria kituo, hupimwa, na kipimo kikionyesha kwamba hakunywa, hupewa tuzo ndogo palepale. Tuzo hupanda kadiri anavyoendelea vizuri. Akiteleza, hurudi kwenye kiwango cha mwanzo, ila hafukuzwi wala hakaripiwi. Mwaka 2000, mtafiti Nancy Petry wa Marekani alichapisha matokeo ya wagonjwa 42 wa uraibu wa pombe. Miongoni mwa walioruhusiwa kuchota vikaratasi vya zawadi kwenye bakuli, 84% walidumu katika tiba kwa wiki 8. Kwa waliopata tiba ya kawaida pekee, walidumu 22%.

Je, njia hii yaweza kufaa katika mazingira yetu? Mkoa wa Morogoro wenyewe una ushahidi wa karibu. Mwaka 2009, katika vijiji vya eneo la Ifakara, watu 2,399 wenye umri wa miaka 18 hadi 30 waliingizwa katika utafiti wa magonjwa ya zinaa. Wote walipata ushauri, na waliougua walitibiwa bure. Kila baada ya miezi minne walipimwa. Kundi moja liliahidiwa shilingi 20,000 kwa asiye na maambukizi, jingine shilingi 10,000, na la tatu halikuahidiwa fedha. Mwaka ulipokwisha, maambukizi katika kundi la shilingi 20,000 yalikuwa yamepungua kwa takriban robo. Kundi la shilingi 10,000 halikuonyesha tofauti ya kuaminika. Tena, nafuu hiyo haikuonekana katika vipimo vya mwezi wa 4 na wa 8. Huo haukuwa utafiti wa uraibu, lakini unafundisha kwamba tuzo iwe na uzito kwa anayeipokea, na mtoa huduma awe na subira.

Utafiti wa Mbarara, Uganda, uliochapishwa mwaka 2023, uligusa pombe yenyewe. Watu 680 wanaoishi na VVU, wanywaji wa kupindukia, walikuwa wakipewa dawa ya kukinga kifua kikuu. Baadhi yao waliingizwa katika bahati nasibu ya zawadi iwapo mkojo ulionyesha hawakunywa. Unywaji wa hatari ulipungua katika kundi hilo, ingawa wengi waliendelea kunywa. Zawadi za kuhimiza umezaji wa dawa, kwa upande wake, hazikuongeza ufuasi. Motisha, basi, husaidia. Haiponyi kila kitu.

Wako watakaouliza kwa haki: kwa nini mlevi atunzwe, ilhali jirani asiyekunywa hapati kitu? Jibu ni kwamba tuzo hii ni sehemu ya tiba, wala si sifa ya mwenendo mwema. Ubongo uliozoea malipo ya haraka husikia kwanza malipo ya haraka. Swali zito zaidi ni kitakachotokea tuzo zikikoma, kwani mara nyingi nafuu hufifia. Kwa hiyo miezi ya tuzo itumike kujenga yatakayobaki: kazi, maelewano ya familia, kikundi cha kuweka akiba na ushauri nasaha.

Kwa zahanati inayofikiria kuanza, mambo manne ni ya msingi. Kigezo kiwe kimoja na kipimike. Kipimo kiaminike: cha pumzi huona pombe ya saa chache tu, na cha mkojo kinachotafuta mabaki ya pombe huweza kuona ya siku mbili tatu. Tuzo itolewe siku hiyohiyo, na ikiwezekana iwe sabuni, sukari, madaftari ya watoto au jembe, kwa kuwa fedha taslimu njia yake ya kurudi kilabuni ni fupi. Na kanuni ziwe sawa kwa wote, zikiandikwa wazi.

Kwa mgonjwa na familia yake liko onyo moja. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake nyumbani. Katika siku za mwanzo anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuweweseka na hata kufa. Afike kwanza kituoni apimwe, apewe dawa, na ikibidi apewe rufaa kwenda hospitali. Tuzo ya kwanza ni kushuka mlima salama na kurudi nyumbani akiwa hai.