Kunguni Hakai Kitandani Tu: Mtafute Kabla ya Kununua Dawa

Godoro limetolewa nje tangu asubuhi, limepigwa kwa fimbo na kuanikwa juani hadi alasiri. Shuka zimefuliwa, chaga zimemwagiwa maji ya moto, na dawa ya dukani imepulizwa uvunguni. Familia inalala kwa raha siku mbili tatu, kisha watoto wanaanza kujikuna upya. Nyumba nyingi za kupanga, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa na Nairobi, zinaijua hali hii. Watu hulaumu dawa, na wakati mwingine wana haki. Lakini mara nyingi kazi yote imefanyika kitandani, ilhali sehemu ya kunguni ilikuwa nyuma ya saa ya ukutani, ndani ya kochi au kwenye pindo la pazia.

Anayetaka kummaliza mdudu huyu aanze kwa kujua anakokaa. Dawa huja baadaye.

Anafuata pumzi, anakaa mafichoni

Wapo kunguni wa aina mbili wanaoishi na binadamu: *Cimex lectularius*, aliyezoea zaidi nchi za baridi, na *Cimex hemipterus*, kunguni wa nchi za joto. Mkubwa ana urefu wa milimita 5 hadi 7, ni bapa na rangi yake ni ya kahawia. Akishashiba damu huvimba na kuwa mwekundu. Hana mabawa ya kurukia wala hachupi kama kiroboto, hutembea tu.

Humtambua mtu aliyelala kwa joto la mwili na kwa hewa ya kaboni dayoksaidi tunayoitoa tunapopumua. Hunyonya kwa dakika 5 hadi 10 hivi. Mate yake yana kemikali zinazozuia damu kuganda na zinazopunguza maumivu, ndiyo maana aliyelala hashtuki. Akimaliza hurudi mafichoni, na huweza kukaa huko siku kadhaa kabla ya kutoka tena. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake haipiti mwilini mwa mtu wala juu ya shuka, bali ndani ya nyufa.

Huko ndiko jike anakotaga. Mayai ni meupe, yana urefu wa milimita moja hivi, na hugandishwa mahali yalipotagwa. Jike mmoja anaweza kutaga mamia ya mayai maishani mwake. Katika joto la kwetu huanguliwa kwa siku 6 hadi 10, na mtoto hujivua gamba mara tano kabla ya kukomaa, kila mara akihitaji mlo wa damu. Asiponyonya anaweza kuishi miezi kadhaa, hasa penye baridi. Chumba kilichofungwa mwezi mzima hakijawa salama kwa sababu ya kufungwa tu.

Mafichoni wanaitana kwa harufu. Mwaka 2014 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, Regine Gries na Gerhard Gries pamoja na wenzao, walitangaza kemikali zinazowakusanya kunguni pamoja. Mojawapo ni histamini, inayowafanya watulie wakishafika. Ili kuwalisha kunguni wa maabara, Regine Gries aliutoa mkono wake na kuumwa zaidi ya mara 180,000. Matokeo ya kazi hiyo yanatusaidia nyumbani: madoa meusi ya kinyesi ni dalili kwamba wengine wapo karibu, na wageni watavutwa papo hapo.

Pa kutazama

CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, kinaeleza kwamba kunguni hupenda kukaa ndani ya futi 8, yaani mita mbili na nusu hivi, kutoka mahali watu wanapolala, ingawa anaweza kutembea zaidi ya futi 100 kwa usiku mmoja. Anza kitandani, kisha panua upekuzi. Ufa wowote unaoingiza ukingo wa kadi ya benki unaweza kumficha kunguni.

Kitandani, watu hutazama juu ya godoro na kuishia hapo. Geuza godoro, fuata mishono na zipu, kisha ng'oa chaga moja moja na kumulika zinapokaa. Tazama matundu ya skrubu na nyuma ya ubao wa kichwani. Usisahau chandarua: mafundo ya kamba, mshono wa juu, na msumari unaokishikilia ukutani.

Ukutani, teremsha saa, kalenda na picha zenye fremu, umulike nyuma yake. Tazama fremu za milango na madirisha, mahali dari linapokutana na ukuta, na lipu iliyopasuka. Nyumba za udongo na za mbao zinahitaji subira zaidi kwa sababu zina nyufa nyingi. Pazia nalo hupuuzwa sana, ilhali mapindo yake, mikunjo ya juu na fimbo inayolishikilia ni makazi mazuri kwa mdudu huyu.

Sebuleni, geuza kochi na kufungua kitambaa cha chini. Kochi ambalo mtu hupumzikia kila mchana ni kitanda cha pili. Hapa kuna kosa linalowagharimu wengi: mtu akichoka kuumwa huhamia sebuleni, na kunguni humfuata pumzi yake, nyumba nzima ikaambukizwa. Ni afadhali kubaki chumba kimoja na kukishughulikia hicho.

Karibu na kitanda kuna vitu ambavyo hakuna anayevishuku: redio, king'amuzi, vitabu, misahafu na Biblia zilizowekwa kichwani, mabegi, viatu, midoli ya watoto, hata kiti cha magurudumu cha mgonjwa. Soketi na swichi pia zina uwazi nyuma yake, na katika nyumba zinazochangia ukuta matundu ya nyaya ni njia ya kwenda kwa jirani. Kama mnafuga kuku ndani au ukutani kwa nje, pekua na viota, maana kunguni hunyonya damu ya kuku pia.

Zana ni chache: tochi ya simu, kadi ya plastiki ya kupitisha kwenye nyufa, na utepe wa gundi wa kumnasa utakayemwona. Tafuta wadudu wenyewe, madoa meusi yasiyofutika kirahisi, magamba waliyojivua, mayai, na vitone vya damu kwenye shuka.

Kwa nini dawa peke yake inashindwa

Kunguni wana historia ndefu ya kuzishinda sumu zetu. DDT ilipoanza kutumika miaka ya 1940 ilionekana mwisho wao umefika. Lakini mwaka 1947, kwenye makambi ya wanajeshi ya Pearl Harbor huko Hawaii, walionekana kunguni ambao DDT haikuwaua. Leo dawa nyingi za kupuliza ni za jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya asili ya ua la pareto linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kunguni wa nchi za joto kutoka nyumba za Tanzania zilizotumia vyandarua vyenye dawa walikuwa wameshakuwa sugu kwa dawa za jamii hiyo.

Hilo lisimfanye mtu atupe chandarua. Kazi yake ni kutukinga na mbu wa malaria, na kazi hiyo bado kinamfanyia yule anayelala ndani yake kila usiku. Kunguni anahitaji mbinu yake.

Sumu isiyofaa ni hatari kuliko mdudu mwenyewe. Vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo imeua watu, watoto kwa wakubwa, katika nchi mbalimbali walipolala kwenye chumba kilichowekewa vidonge au chumba cha jirani. Dawa za shambani hazikuundwa kupulizwa kwenye godoro. Petroli na mafuta ya taa huleta moto.

Mpango unaofanya kazi

Joto ndilo rafiki wa kwanza. Kunguni na mayai yake hufa haraka joto likipita nyuzi 50 za Selsiasi. Fua shuka, foronya, mapazia na nguo kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, kisha piga pasi kwenye mishono. Maji yanayochemka yakimwagwa kwenye chaga huua wanaofikiwa. Kuanika godoro juani hakutoshi, kwa kuwa joto halifiki ndani na mdudu huhamia upande wa kivuli. Vitabu na midoli midogo vinaweza kufungwa kwenye mfuko na kukaa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne.

Penye umeme usimwage maji wala kupuliza dawa ya majimaji. Zima umeme, mwite fundi afungue soketi asafishe kwa brashi kavu. Redio na king'amuzi navyo vifunguliwe na fundi.

Kisha ziba nyufa kwa lipu, udongo au saruji. Sogeza kitanda mbali na ukuta, shuka zisiguse sakafu, na weka miguu yake kwenye makopo yenye maji ya sabuni. Wenzetu wa nchi za baridi hutumia vikombe vitupu vyenye kuta laini, lakini kunguni wa nchi za joto hupanda kuta laini vizuri zaidi, kwa hiyo usitegemee kopo kavu.

Ikihitajika dawa, itumike iliyosajiliwa kwa wadudu wa majumbani, kwa kufuata maelekezo ya kwenye kifungashio au kwa mkono wa mtaalamu, na ielekezwe kwenye mafichio mliyoyaona. Dawa nyingi haziui mayai, kwa hiyo kazi irudiwe baada ya wiki mbili hivi. Endeleeni kupekua hadi zipite wiki sita hadi nane bila dalili yoyote. Mwisho sugueni madoa na kufuta vumbi: utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina wa mwaka 2018 ulikuta histamini ya kunguni ingali kwenye vumbi la nyumba miezi mitatu baada ya wadudu kuuawa.

Afya, na aibu

Hakuna ushahidi kwamba kunguni huambukiza Virusi vya Ukimwi wala homa ya ini. Madhara yake ni muwasho, mzio, vidonda vya kujikuna na kukosa usingizi, na hayo si madogo kwa mtoto anayekwenda shule. Osha palipoumwa kwa maji na sabuni, kanda kwa kitambaa cha baridi, na muulize mfamasia kuhusu dawa ya mzio. Pakitoa usaha, pakivimba sana au mtu akipumua kwa shida, nendeni kituo cha afya. Baadhi ya watu hawatokwi na alama yoyote, kwa hiyo mmoja kuwa na ngozi safi si ushahidi kwamba chumba ni salama.

Wala kunguni si kipimo cha usafi. Huja na begi kutoka gesti, na sanduku la mwanafunzi kutoka bweni, na kochi la mtumba. Nchini Ufaransa, shirika la usalama wa afya, ANSES, liliripoti mwaka 2023 kwamba zaidi ya kaya moja kati ya kumi ilikuwa imevamiwa kati ya 2017 na 2022. Uchafu na mrundikano humwongezea tu mahali pa kujificha.

Aibu ndiyo inayomlinda. Mpangaji akikaa kimya na kupuliza peke yake, wadudu huhamia chumba cha pili na kurudi wiki inayofuata. Mwambie mwenye nyumba, waambie majirani, mwombeni afisa afya wa kata ushauri, na mpange siku moja ya kupekua na kusafisha vyumba vyote kwa pamoja. Shule za bweni zifanye hivyo kabla wanafunzi hawajafunga masanduku ya likizo. Nyumba inayozungumza mapema hutumia fedha kidogo, sumu kidogo, na hupata usingizi wake haraka.