Mwundaji programu asiyejua kuandika ni hatari

VIJANA wengi wanaosomea uundaji wa programu za tarakilishi huamini kwamba kazi yao ni hesabu na mantiki tu, na kwamba ufasaha wa lugha ni shughuli ya wanahabari na mawakili. Dhana hiyo ni potovu, tena yaweza kugharimu maisha.

Kati ya mwaka wa 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25, iliyoundwa na kampuni ya serikali ya Canada, iliwapiga wagonjwa sita nchini Canada na Marekani kwa mionzi iliyopita kiasi. Baadhi yao walifariki.

Mnamo Machi 1986, katika hospitali moja mjini Tyler, Texas, mhudumu aliyeendesha mashine hiyo aligundua kuwa ameingiza herufi isiyofaa. Aliirekebisha upesi na kuamuru matibabu yaanze. Mashine ilisimama, na skrini ikaonyesha ujumbe: Hitilafu 54. Mwongozo wa waendeshaji haukueleza maana ya nambari hiyo. Kwa vile mashine ilikuwa na mazoea ya kusimama kwa sababu ndogondogo, mhudumu alibonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa akapigwa na mionzi mara ya pili, na miezi michache baadaye akaaga dunia.

Ni kweli kwamba chanzo cha mkasa kilikuwa kasoro ndani ya programu yenyewe, ambayo haikuyatambua masahihisho yaliyofanywa kwa haraka. Hata hivyo, lau skrini ingeandika, "Kiasi cha mionzi si sahihi. Usiendelee. Mwangalie mgonjwa," huenda mhudumu angesita.

Isitoshe, uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1993 na Nancy Leveson na Clark Turner ulibaini kuwa programu hiyo iliandikwa na mtu mmoja, na kwamba maelezo yaliyoandikwa kuihusu yalikuwa haba mno.

Funzo la kwanza ni kuwa ujumbe wa hitilafu unapaswa kusema mambo matatu: kilichotokea, hatari iliyopo na hatua ya kuchukua. Pili, mwundaji aandike sababu za kila uamuzi muhimu, ili atakayeirithi kazi yake asipapase gizani.

Tatu, anayeripoti kasoro ataje hatua zote kwa utaratibu. Baada ya mgonjwa wa pili kudhurika mjini Tyler mwezi wa Aprili, mwanafizikia wa hospitali na mhudumu yule walirudia hatua moja baada ya nyingine hadi hitilafu ikajitokeza tena. Hapo ndipo kampuni ilipopata maelezo ya kuiwezesha kuiona kasoro hiyo.

Kwa hivyo, kabla ya kukabidhi kazi yako, mpe mtu asiyeijua programu hiyo asome uliyoyaandika. Akikwama, usimlaumu. Andika upya.