Kupanda Rahisi, Kushuka Ndiko Kunakouma

Kagugu, katika sekta ya Kinyinya mjini Kigali, imekaa kwenye mteremko, na huko kutoka nyumbani ni ama kupanda ama kushuka. Kwa mzee anayelalamika kwamba miguu inamwaka na kuingia ganzi akitembea, vilima hivyo ni kipimo cha bure. Muulize: unaumia zaidi ukipanda au ukishuka? Akisema vigimbi humbana akipanda na hutulia akisimama tu, huenda mishipa ya damu imeziba. Akisema kushuka ndiko kunakomtesa, na kwamba hapati nafuu mpaka ainame au aketi, mshukiwa wa kwanza ni kiuno.

Umri ukisogea, diski za kiunoni hutuna, kano hunenepa na viungo vya pingili huota mfupa. Mfereji wenye mishipa ya fahamu ya miguu hubanwa, mara nyingi kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiuno. Ukisimama wima au ukishuka mlima, kiuno hupinda kwenda nyuma na nafasi huzidi kupungua, ukiinama, inafunguka. Ndiyo maana mgonjwa huyu anaweza kuendesha baiskeli mbali lakini foleni ya benki ikamshinda. Daktari Mholanzi Henk Verbiest alieleza hali hii kwa kina mwaka 1954.

Sindano inayosifiwa sana kwa tatizo hili huchomwa kiunoni, nje ya utando unaofunika mishipa hiyo, daktari akiongozwa na eksirei. Ndani yake huwa na steroidi, na mara nyingi dawa ya ganzi pia. Steroidi hutuliza uvimbe wa mishipa iliyobanwa. Mfupa hauguswi, mfereji unabaki na upana uleule.

Je, inasaidia? Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la Marekani lililohusisha wagonjwa 400 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Nusu walichomwa ganzi pamoja na steroidi, nusu ganzi peke yake, bila kujua nani kapata nini. Wiki ya 3 wenye steroidi walikuwa mbele kidogo. Wiki ya 6 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na tofauti ya maana haikuwapo tena. Kwa hiyo jirani anayeapa kwamba sindano ilimsimamisha hasemi uongo. Ila sifa anayoipa steroidi ni kubwa mno. Mimi nisingeuza mbuzi kwa ajili yake kabla ya kujaribu kwa dhati mazoezi ya kuimarisha tumbo na nyonga.

Kwetu kuna mambo mengine ya kuangalia. Mwenye kisukari ajue sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir yumo hatarini zaidi, maana ritonavir hulizuia ini lisivunje baadhi ya steroidi, hasa triamsinoloni. Dozi moja hukaa mwilini wiki nyingi, uso ukavimba na tezi za juu ya figo zikalala. Wengi hawaoni sababu ya kumtajia daktari wa mgongo dawa hizo. Wamtajie. Na maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, jasho la usiku na kukonda yapimwe kifua kikuu kwanza, kwa kuwa steroidi hupunguza kinga na maambukizi yakapata mwanya.

Ukianza kushindwa kujizuia haja, au mkojo ukagoma kutoka, au ganzi ikashika sehemu za siri na makalio, usingoje zamu ya sindano wala miadi ya wiki ijayo: mishipa inakufa, na upasuaji wa kuifungulia nafasi huhesabiwa kwa saa. Nenda hospitali usiku huohuo.