Akirudi shule amenuna, mpe kwanza uji

Saa kumi jioni mtoto anaingia, begi analitupa kwenye kochi, kiatu kimoja kinabaki mlangoni na kingine chini ya meza. Mama anauliza, "Mtihani umepata ngapi?" Jibu ni kilio, au mlango unaobamizwa. Ajabu ni kwamba mwalimu wake anamsifu kwa upole.

Wazazi wengi hapo huona kiburi, lakini mara nyingi ni uchovu. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayozuia hasira, nayo haikomai mpaka mtu avuke miaka 20. Mtoto ameitumikisha tangu asubuhi: akae kimya, apange foleni, avumilie utani wa wenzake. Dar es Salaam wapo wanaopanda basi la shule kabla jua halijachomoza. Akifika kwa watu anaojua hawatamkataa, anaachia yote.

Njaa nayo inachochea. Kwa mtoto wa miaka mitano hivi, ubongo hutumia zaidi ya asilimia 40 ya nishati ya mwili kwa siku. Basi kabla ya swali lolote mpe maji, kisha ndizi, kiazi cha kuchemsha au kikombe cha uji. Avue sare. Habari za alama zisubiri; "karibu mwanangu" inatosha.

Kisha atoke akacheze. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na rede au kuruka kamba ni mazoezi tosha. Wapo ambao kelele za uani huwazidishia hasira. Hao waache wakae peke yao, nawe uwe karibu bila kuhoji. Akilipuka, usishindane naye kwa sauti. Vuteni pumzi pamoja, mkiitoa taratibu zaidi kuliko mlivyoivuta, mpaka mapigo ya moyo yatulie. Ya kumwonya utamwambia baadaye.

Kinachonisikitisha ni tuisheni ya usiku kwa mtoto wa darasa la pili. Mwenye miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri inampasa awe amelala saa mbili usiku, muda ambao wengine ndipo wanafungua daftari.

Akianza tena kukojoa kitandani, akikataa shule, akijiumiza, au akisumbua nyumbani na darasani kwa miezi kadhaa, mpeleke kwa daktari. Kinachoitwa ukaidi huweza kuwa macho yasiyoona ubao, masikio yasiyosikia vizuri, au mwanafunzi mkubwa anayemvizia chooni wakati wa mapumziko.